Ulikuwa Mpanda, Nikasema Moshi

Baba mpendwa,

Leo nimeshindwa kutulia. Nimefagia uwanja mara mbili, nimechambua maharage ambayo yalishachambuliwa jana, nimeingia ndani na kutoka bila kujua nilichofuata. Ukungu wa Ngorongoro umeshuka mpaka huku kwetu Buger. Mwisho nimeona heri niketi nikuandikie, ingawa mwaka umepita tangu tukuzike.

Unazikumbuka barua zako za michoro? Ulikuwa kibarua wa reli, wewe na genge lenu mkibadilisha mataruma ya mbao yaliyooza chini ya reli, leo huku kesho kule, na kuandika ulikuwa hujui. Wenzako walijitolea kukuandikia, lakini hukutaka mtu mwingine ayashike maneno yako na mama. Basi ukawa unachora. Kila genge lenu lilipohamishwa, ulichora jina la stesheni mpya kwenye karatasi, ukampa dereva wa garimoshi, naye akampa wa lori, hivyo hivyo kutoka mkono hadi mkono mpaka dukani Karatu.

Mimi nilikuwa darasa la tano, na kazi ya kufumbua ilikuwa yangu. Ulipochora mamba mdogo, mama alishika kichwa: "Baba yenu ameliwa!" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mamba mdogo ni kimamba, mama, yuko Kimamba! Ngoma ndogo ikawa Kigoma. Ila yule mbwa aliyetoa meno, na pembeni yake ua, alitutesa siku mbili nzima. Mdogo wangu Paulo alisema labda mbwa anachukia maua. Mama hakusoma, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza sokoni. Alikuwa anasonga ugali, akasema bila kugeuka, "Si mbwa kali huyo?" Kali. Ua. Kaliua! Paulo alikimbia kuzunguka nyumba akipiga kelele kama garimoshi. Na ulipokuja likizo, hata mzigo hujatua, uliuliza, "Yule mbwa mlimpata?"

Kisha mama akaugua kifua. Alikonda haraka, na hospitali wakamrudisha nyumbani. Mjomba Gwandu, kaka yake, akaja akanikalisha.

"Mwanangu, baba yako yuko stesheni gani? Nataka nikamlete."

Nilimletea karatasi yako ya mwisho. Ulikuwa umechora garimoshi linatoa moshi mzito, na kando yake mtu anapanda mti. Baba, yule mtu nilimwona. Nilijua ni Mpanda. Lakini Mpanda nilishaipima kwa kidole kwenye ramani ya darasani, nikaona ni mbali mno, kupita Tabora na kuendelea. Moshi ilikuwa karibu. Mtu angeweza kwenda na kurudi, mama bado yupo. Nilitaka uwe Moshi.

"Yuko Moshi," nikasema. "Tazama moshi huu ulivyo mwingi."

"Na huyu wa mtini?"

"Ni pambo tu, mjomba."

Mama alitusikia kutoka kitandani. "Moshi si mbali," alisema. "Kesho kutwa atakuwa hapa." Akaniomba nimsuke nywele, ili ukifika umkute nadhifu. Nilimsuka. Nilikwenda polepole mno, akanisemesha kwa upole, akidhani naogopa kumuumiza.

Alifariki siku ya tatu, mjomba akiwa bado anazunguka stesheni ya Moshi akiulizia mtu ambaye hakuna aliyemjua. Fundi mmoja wa reli akamhurumia, akakutumia habari stesheni kwa stesheni. Ulifika siku tisa baada ya mazishi, vumbi limekujaa hadi kwenye kope. Mjomba alikuwekea ile karatasi mbele. Uliitazama sana, kisha ukanitazama mimi.

"Nimechora vibaya," ulisema. "Moshi nimeuzidisha. Mtoto angejuaje?"

Nami nikaenda kukuletea maji ya kunawa.

Uliporudi kazini ulijiandikisha kwenye masomo ya watu wazima, na hukuchora tena. Barua zikaja na herufi kubwa zilizoinama: NIPO TABORA. MZIMA. Nilizisoma peke yangu, kwa sababu Paulo alikataa hata kuzisikia. Alikua na neno moja moyoni, kwamba mama alikufa akisubiri mtu asiyejua kuandika. Siku ya posa yake alikuambia hivyo mbele ya wageni, nami nilikuwa hapo na birika mkononi. Ulinitazama tena, baba. Nikaendelea kumimina chai.

Ulikuwa unajua? Swali hili ndilo linaloninyima utulivu. Mara nyingine naamini ulijua tangu siku ile, ukaamua lawama iwe yako ili mimi nikue bila mzigo huo. Mara nyingine naona sivyo, kwamba ulijilaumu kweli mpaka siku ya mwisho, na hilo ndilo silivumilii.

Leo asubuhi nilimwita Paulo. Alikuja akidhani ni habari ya ng'ombe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, maana kukaa nilishindwa.

"Ulijua ni Mpanda?" aliuliza.

"Nilijua."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Alizungusha kofia yake mkononi. Chai aliikataa. Kisha akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lako, yeye ambaye siku ya kukuzika alisimama mbali na hakutupia hata udongo. Namsikia sasa ninapoandika, anapalilia magugu niliyoyaacha yakue. Anapiga jembe kwa nguvu, ananyamaza, anapiga tena. Akimaliza sijui ataniambia nini, au kama ataniambia neno.

Nisamehe, baba, na pumzika sasa. Nakwenda kumpelekea maji ya kunywa.

Ni mimi, binti yako wa kwanza.