Shemeji Mla Majani Huku Rukanga

Dada Mghoi,

Hujambo na wanangu? Huku Rukanga jua linachoma hadi mawe, lakini kinachotuchosha zaidi ni mdomo wa mumeo, bwana aliyepiga nyama marufuku nyumbani kwenu. Juzi shangazi alikuwa amemfunga jogoo mlangoni, tayari kumchinjia mkwe. Shemeji akamkataa mbele ya majirani! Akaanza kutuhubiria: eti wahenga wa Kigiriki waliacha nyama, eti India kuna koo hazijaigusa tangu jadi, eti mla majani hana ugomvi na mtu. Shangazi, ambaye nyama huiona Krismasi na matangani, alimsikiliza kwa adabu, akamfungua jogoo, akapika kimanga cha mihogo na maharagwe.

Asubuhi tukakuta ndovu wamevunja ua. Kunde, mchicha, mihogo, mahindi, vyote vimefagiliwa. Hawakusaza hata boga. Shangazi alisimama katikati ya chakula chake cha mwaka mzima, kisha akamgeukia shemeji: "Mkwe, wala majani wenzako walipita kukusalimia."

Mchana hakukuwa na mboga. Kulikuwa na yule jogoo. Shemeji alitazama sahani, akatazama shamba, akanawa mikono. Alikula mapaja yote mawili, halafu akaniomba nisikwambie.

Dada, watoto wamechoka na ndengu. Tuma mtu buchari leo leo, kabla mumeo hajarudi na hotuba nyingine. Wabusu wote kwa niaba yangu, ukishawapangusa mafuta midomoni.

Mdogo wako,
Wakesho