Kiondo cha Mistari Myekundu

Mwala,
2 Februari 1981

Kwa mkaza mwanangu Khalayi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda kilima. Mvua bado. Wewe u hali gani? Na wajina wangu, Mbithe mdogo, kikohozi kimemwachia? Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko wa ngumbaru, kwa hiyo usizicheke herufi zilizolala.

Sasa nina neno. Nyamai, yule utingo wa basi letu, alinijia juzi amenuna kama mtu aliyenyimwa uji. Anasema alikuletea mahindi na mbaazi zangu mpaka Jericho huko Nairobi, amebeba begani kutoka stendi, na wewe ukamsemesha kupitia dirishani. Ukamwambia aache mzigo mlangoni aende zake. Hata maji hukumpa! Khalayi, umenivua nguo. Kwetu mtu aliyebeba chakula chako hasimamishwi nje kama mwizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wanawake wa hapa kisimani wameshaisikia hadithi hiyo, na wanaiongeza chumvi.

Najua hujui Kikamba, na huwezi kumtambua mtu wa kwetu kwa kumsikiliza tu. Basi nitakupa alama. Nitatuma vitu kwa kiondo changu kile cha mistari miwili myekundu, chenye mkono mmoja ulioshonwa kwa ngozi ya mshipi wa marehemu baba yake Mativo mumeo. Hakuna kingine kama hicho duniani. Ukikiona, fungua mlango, hata kama aliyekibeba si Nyamai. Mpe kiti, mpe chai. Na kiondo kirudi, tena kisirudi kitupu. Mkono mtupu haulambwi.

Ni mimi mama mkwe wako,
Mbithe

* * *

Jericho, Nairobi,
12 Februari 1981

Mpendwa mama,

Shikamoo. Barua yako imefika na imenikuta mzima wa mwili, ila moyo umeinama. Mbithe hajambo. Kikohozi kimekwisha, sasa ni maswali tu kutwa. Pole kwa goti. Jaribu kulikanda kwa maji ya chumvi.

Mama, nisamehe kuhusu Nyamai. Si kiburi. Mativo alipoondoka na lori kwenda Kigali alitia komeo mbili na mnyororo, akaniapisha nisifungulie mtu. Unamkumbuka jirani yangu Phelister, mke wa Ochola wa reli? Mwezi wa kumi na mbili walimjia wanaume wawili mchana kweupe, wamebeba katoni, wakasema Ochola amenunua redio na wao wametumwa kuileta. Akawafungulia. Wakamwomba maji ya kunywa. Aliporudi na bilauri, hawakuwapo, wala cherehani yake. Ndani ya katoni mlikuwa na matofali na gazeti. Tangu siku hiyo kila anayebisha na mzigo namwona ana matofali.

Lakini umesema, nami nimesikia. Sitaki uaibike kisimani kwa ajili yangu. Wewe ulinipokea bila kuuliza kwa nini mwanao hakuoa Mkamba, au labda uliuliza nikiwa sipo. Nikikiona kiondo nitafungua, na chai nitaitia maziwa mpaka mgeni aombe radhi.

Mkaza mwanao,
Khalayi

* * *

Mwala,
6 Machi 1981
(ndani ya kiondo)

Khalayi mwanangu,

Hujambo wewe, hajambo mtoto? Sisi hatujambo. Jibu lako lilinifurahisha, na ndiyo, niliuliza ukiwa hupo.

Nyamai anakuletea ndengu, mbaazi kavu na chupa ya asali. Ngozi ya mkono nimeishona upya. Nimemwandikia Nyamai juu ya bahasha jinsi ya kufika, maana anasema nyumba za Jericho zinafanana: nyumba ya mlango wa kijani, mstari wa pili kutoka bombani. Najua uko peke yako na Mativo harudi kabla ya Pasaka, kwa hiyo nakukumbusha tena: anayekuja na kiondo hiki nimemtuma mimi. Fungua bila hofu.

Mama mkwe wako,
Mbithe

* * *

Mwala,
10 Machi 1981

Kwa Khalayi,

Salamu. Huku tu wazima kiasi, ila tuna habari mbaya. Ijumaa ile nilipompa kiondo, Nyamai aliteleza akishusha magunia kutoka juu ya basi pale Machakos, akavunjika mguu. Amelazwa hospitalini. Nilikwenda kumwona jana. Anasema kiondo changu kilibaki chini ya kiti cha dereva, basi likaondoka nacho kuelekea Nairobi. Dereva naye anasema alipofika stendi hakukiona.

Nimekililia kile kiondo, sikufichi. Lakini najipa moyo kwamba barua ilikuwa ndani na maelezo ya nyumba yalikuwa juu yake. Huenda mtu mwema atakuletea. Je, kimefika? Niandikie upesi.

Mama mkwe wako,
Mbithe

* * *

Jericho, Nairobi,
11 Machi 1981

Mpendwa mama,

Shikamoo. Sisi ni wazima, na leo nina furaha. Kiondo kimefika!

Kililetwa Jumapili baada ya kanisa na mtu anayeitwa Ndambuki. Alisema Nyamai amemtuma. Nilichungulia dirishani, nikaona mistari miwili myekundu na ile ngozi ya mshipi wa baba, nikatoa mnyororo. Aliniamkia kwa Kikamba nikajibu kwa kubahatisha kama kawaida yangu, akacheka. Nilimpa kiti cha Mativo. Alikunywa vikombe vitatu. Mama, ungeniona ungejivunia.

Ni mtu mpole. Bahasha ya barua yako ilikuwa imeachia gundi. Alisema asali ilivuja kidogo, akaniomba radhi kama vile kosa ni lake. Alijua hata kwamba Mativo harudi kabla ya Pasaka, nikajua kweli ametoka kwako. Mbithe alimpanda magotini. Akamuuliza, "Mrembo, unaitwa nani?" Mtoto akamwambia. Akasema, "Mbithe! Jina zuri. Ulipewa na nani?" Unavyomjua wajina wako, akajibu, "Nilijipa mwenyewe." Tulicheka sote.

Tena ni fundi, ana kibanda Shauri Moyo. Aliuangalia mlango wangu, akasema, "Dada, hii kitasa ni ya kufungia kuku. Hata mtoto atafungua na kijiko." Atakuja kunitilia kipya, na malipo atazungumza na Mativo mwenyewe akirudi. Nimempa kiondo akurudishie kwa Nyamai. Nimetia sukari, majani ya chai na mche wa sabuni. Hakikurudi kitupu.

Mkaza mwanao,
Khalayi

* * *

Mwala,
18 Machi 1981
(kwa mkono wa Kilonzo)

Khalayi,

Sina nafasi ya salamu. Barua yako nimeipata jana sokoni.

Huyo mtu simjui. Nyamai hakumtuma. Nyamai yuko kitandani Machakos tangu Ijumaa ile, na nimepeleka mtu kumuuliza: hajui Ndambuki yeyote mwenye kibanda Shauri Moyo. Mambo yote aliyokuambia aliyasoma kwenye barua yangu. Nilimwandikia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nyumba ilipo na kwamba mwanamume hayupo. Ee Mungu, ndiyo kazi niliyosomea ngumbaru!

Na ukitaka ushahidi, huu hapa. Hakuna mtu aliyetumwa na mimi anayeweza kumuuliza binti wa kwanza wa Mativo anaitwa nani na jina alipewa na nani. Ni jina langu. Kwetu hata mpita njia angejua kwamba mtoto huyo anaitwa kwa nyanya yake. Wewe ungewezaje kujua kwamba hilo ni swali la mgeni? Mimi ndiye niliyepaswa kukufundisha, si kukuaibisha.

Usimfungulie tena. Usikubali aguse mlango. Posta itachelewa, kwa hiyo namtuma Kilonzo, mtoto wa dada yangu. Nimemwambia akupe barua hii mkononi mwako, asiipitishe popote wala asimpe mtu mwingine, maana sijui nani atakuwa ndani ya nyumba hiyo.

Mama mkwe wako,
Mbithe

* * *

Jericho, Nairobi,
23 Machi 1981

Mpendwa mama,

Shikamoo. Habari za goti? Mbithe anakusalimu. Barua yako ya tarehe kumi imefika leo. Pole sana kwa Nyamai, lakini futa machozi, kiondo kilifika, kama nilivyokuandikia. Ajabu ni kwamba Ndambuki hakunitajia mguu. Labda hakutaka kunitia wasiwasi.

Sasa nikusimulie, utaona kwamba mafunzo yako yameingia. Jumamosi alikuja mtu akagonga kwa fujo. Anasema kwa Kiswahili cha shida kwamba anaitwa Kilonzo, ametoka kwako na ana barua. Nikamuuliza, "Kiondo kiko wapi?" Hana. Nikamwambia aipitishe barua chini ya mlango. Akakataa! Ati ameagizwa anipe mkononi, ati nifungue. Mama, nikakumbuka ile katoni ya matofali. Siku moja tu kabla, Ndambuki alikuwa ameniambia, "Dada, usifungulie mtu hana kiondo, hata akijua Kikamba kushinda mzee wa kanisa." Nikapiga kelele, Ochola akatoka na rungu, yule mtu akakimbia. Phelister alinipongeza.

Kitasa kipya kimekwisha kutiwa. Ni kizito, kinalia kama mlango wa benki. Ndambuki alinipa funguo mbili. Karatasi ya kitasa imeandikwa kwamba zinakuja tatu, nikamuuliza, akasema moja ilikatika alipokuwa akiijaribu. Kiondo bado anacho, anasema hajapata mtu mwaminifu wa kwenda Mwala. Kila akija amekibeba, ili nisipate taabu ya kumtambua.

Kwa mara ya kwanza tangu Mativo aondoke, nina amani.

Mkaza mwanao,
Khalayi

* * *

Jericho, Nairobi,
12 Aprili 1981

Khalayi mwanangu,

Sijui barua hii niipeleke wapi, kwa hiyo naitundika kwenye ule msumari nyuma ya mlango wako. Mimi ni mzima, ingawa sioni faida yake. Mbithe ni mzima. Anakula. Nasema hilo kwanza ili ukisoma usiogope.

Barua yako ya tarehe ishirini na tatu ilifika Mwala nikiwa nimeondoka, ikaletwa, nikaisomea humu humu ndani, nimekaa sakafuni, maana kiti hakipo.

Phelister amenieleza yote. Siku mbili baada ya kuniandikia, Jumatano, ulikwenda kliniki na mtoto. Yule mtu akaja na pikapu, kiondo changu kwenye mkono, akafungua kwa ufunguo wake kama mwenye nyumba. Akawaambia majirani Mativo amepata nyumba kubwa, mnahama. Nani angemzuia? Wamezoea kumwona akinywa chai kwako. Ochola mwenyewe alimsaidia kubeba kabati. Sasa mzee wa watu hali chakula, anasema mikono yake inamnukia uvundo.

Ulirudi ukakuta kuta tupu. Phelister anasema hukulia. Kesho yake ulimwachia mtoto, ukasema unakwenda Shauri Moyo kumtafuta. Alikusihi umngoje Ochola atoke kazini. Ukamjibu, "Nyumba naweza kumweleza Mativo. Lakini nikikosa kile kiondo, mama atanionaje?" Ukaenda. Muuza mitumba mmoja anasema alikuona jioni ile upande wa Majengo, unafuatana na mtu aliyebeba kiondo. Baada ya hapo hakuna aliyekuona tena.

Khalayi, nina jambo la kuungama. Kilonzo alirudi Jumapili na barua yangu mfukoni, na woga bado usoni. Ningepanda basi Jumatatu ningekukuta. Sikupanda. Nilikasirika. Nilisema, amemfukuza mtoto wa dada yangu kwa rungu, basi na ajionee. Nilikaa na hasira yangu siku tano nzima, nikikamua ng'ombe na kusemasema peke yangu. Nilifika hapa Jumamosi ile, wiki mbili zilizopita. Wewe ulikuwa umeondoka Alhamisi.

Tumepiga ripoti polisi. Kilonzo na Ochola wanazunguka kila siku, kibanda kwa kibanda. Hakuna fundi anayemjua. Mativo ametumiwa simu Kigali, yuko njiani.

Mtu akibisha, Mbithe hukimbilia dirishani na kuuliza, "Una kiondo?" Wote hawana. Hukataa wasiingie, hata mchungaji. Jana aliniuliza kama wewe unacho, maana usipokuwa nacho hatakufungulia. Nilitoka nje nikalia pale pale Nyamai aliposimama.

Kwa hiyo nimemwita fundi, nikamwambia ang'oe kitasa kile na komeo zote mbili. Phelister anasema nimechanganyikiwa. Sijachanganyikiwa. Humu hakuna cha kuibwa isipokuwa mtoto, na yeye namfunga mgongoni kwa leso mchana kutwa, ingawa ni mzito. Mativo akija atataka kutia chuma. Atangoje.

Sikitaki kile kiondo. Sikia vizuri, sikitaki. Kama unakifuata, kiache. Kama uko mahali unaona haya kurudi, kumbuka aliyekosa ni mimi. Usilete sukari, usilete chochote. Njoo mikono mitupu, mwanangu. Usibishe. Mlango ni wa kusukuma tu.

Mama yako,
Mbithe