Masaa Kumi Kutoka Moscow

Jumatatu, 4 Machi
Uji wa kaka Wilbard, kisha shule. Vipindi vitano, chaki hakuna. Mama kamchumia dawa nyingine, chungu kuliko ya jana. Mvua tena. Kahawa haikauki. Nimechoka.

Jumanne, 5 Machi
Wilbard amefariki alfajiri. Ugonjwa huu huu unaomaliza ukoo. Hakuacha mtoto. Baba alishatangulia. Mimi ni mwanamke, sirithi. Amebaki Deo tu, mdogo wetu, anayesoma Moscow. Nimekwenda Bukoba, Mhindi wa duka la vitambaa akaniazima simu. Deo nimempata. Analia. Anakuja.

Jumatano, 6 Machi
Tumemzika mgombani. Jumamosi tunaanua matanga. Siku hiyo mrithi hukalishwa kwenye kiti cha marehemu na kushikishwa mkuki. Deo asipokuwapo, atakalishwa mwingine. Baba mdogo Pastori anaye tayari: mwanawe, kamnunulia na kanzu. Akikaa yule, mimi na Mama tutafukuzwa kwenye kibanja hiki, nyumba na migomba yote. Namjua Pastori.

Wazee wakaniuliza Moscow ni umbali gani. Mwalimu wa jiografia, nikavimba kichwa. Kilomita kama elfu saba, nikasema, ndege masaa kumi tu.

"Kumbe karibu! Kesho tutakula naye."

Mjinga mimi.

Alhamisi, 7 Machi
Deo hayupo. Nilisahau kuhesabu siku za kutafuta tiketi, kulala Dar, kufika Mwanza, kungoja meli. Leo nimejaribu kueleza. Baba mdogo kanikatiza mbele ya watu wote: "Mwalimu, masaa kumi umeyataja wewe. Yamekwisha. Mtoto hataki kuja."

Namchukia. Mama hali kitu.

Ijumaa, 8 Machi
Ndege ndogo ya Bukoba haikutua, kiwanja ni tope. Wanawake wanamenya ndizi za kesho. Yule kijana kajaribu kanzu uani, mchana kweupe, na watu wanamsifu! Nimesali rozari nikichanganya na matusi. Mungu anisamehe, au asinisamehe. Deo, uko wapi?

Jumamosi, 9 Machi
Mama kashanyolewa. Mkuki umeshatolewa ndani. Kijana wa Pastori anaelekea kwenye kiti, mara gari la samaki likasimama barabarani. Deo! Kaja na meli, kadandia gari bandarini. Vigelegele. Baba mdogo anatazama miguu yake. Deo kakalishwa, kashika mkuki kwa mikono miwili. Nimelia mpaka nikaona haya. Kibanja ni chetu.

Kakonda sana. Nimejifanya sikuona.

Jumapili, 10 Machi
Tumekwenda misa bila Deo. Amelala tangu jana. Jasho limelowesha godoro, na anakohoa kama Wilbard alivyoanza. Mama kaniuliza polepole, mtoto ana nini. Nikamwambia ni uchovu, Mama, Moscow ni mbali sana. Akasema basi tumwache apumzike.

Nimemhamishia mkekani, nimetoa godoro nje, nimeliegemeza ukutani upande wa nyuma, watu wasilione. Jua limetoka kidogo.