Uti wa Mgongo Wangu Hauambukizi

Jumapili. Ukungu ulikalia kilima tangu alfajiri na haukuondoka hadi mchana. Baridi ya Juni naihisi mpaka kiunoni. Chini ya hapo sina habari nayo.

Samahani, shajara, nimeanza na mzaha. Sina kingine.

Keshokutwa napelekwa hospitali ya rufaa kupasuliwa. Daktari hakunificha. Kuna uvimbe ndani ya uti wa mgongo, unabana mishipa ya fahamu, na ulikaa humo muda mrefu huku mimi nikijipaka dawa ya kuchua, nikidhani ni baridi ya huku kwetu Mbinga. Mguu ulipoanza kupoteza mwendo kwenye pedali ya cherehani nililaumu cherehani, nikaita fundi. Sasa wanapasua ili uvimbe usipande ukafika kwenye mikono na pumzi. Miguu, alisema, nisiitegemee.

Nilikubali. Niliomba kitu kimoja tu: nimkumbatie Oresta kabla sijaondoka.

Oresta ni binti yangu, ana miaka mitano. Tangu nilale anakaa Kitai kwa mama mkwe, na mimi nimerudi kwa mama yangu mzazi, anayenigeuza na kunisafisha. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuletwa.

Halafu watu wakaniombea.

Jumapili iliyopita mama alipeleka ombi, na katekista akalisoma mbele ya kigango kizima: tumwombee mgonjwa wetu anayeumwa uti wa mgongo. Hakukosea, ndipo ugonjwa ulipo. Lakini kwa watu wetu uti wa mgongo ni ugonjwa mmoja tu, ile homa inayokaza shingo na kuhama kwa pumzi kutoka kitanda hadi kitanda. Haikupita wiki, majirani waliokuwa wakija na ndizi na umbea wakaanza kumsalimia mama kutokea barabarani. Lisemwalo lipo, wanasema. Kitai nako kukasikika.

Mume wangu yuko kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Nilimpigia simu aongee na mama yake, nikiamini yatakwisha. Akasema, "Tumsikilize mama kwanza."

Mama mkwe amekuja mchana. Hakuingia uani. Dirisha langu linatazama njia, kwa hiyo niliwaona wote wawili, yeye na mtoto, ng'ambo ya mtaro.

"Shikamoo mama," nikaita.

"Marahaba mwanangu. Pole sana."

Nikamweleza. Ni uvimbe, nyama imeota mahali pabaya, hauambukizi. Ungekuwa wa kuambukiza, mama anayelala nami chumba hiki angekuwa wapi leo? Alinisikiliza hadi mwisho, maana ana adabu zake. Kisha akasema binti yake wa kwanza alimzika kwa uti wa mgongo, na siku zile pia alikuwepo mtu aliyemwambia asiwe na wasiwasi.

"Nenda ukatibiwe, Mama Oresta. Ukirudi mzima nitakuletea mwenyewe mpaka kitandani."

Ukirudi mzima. Nilimchukia, kisha nikashindwa kuendelea kumchukia. Ningekuwa nimezika mtoto, labda nami ningesimama palepale aliposimama. Hilo ndilo linalonimaliza: hakuna mbaya wa kumgombeza. Kuna neno moja tu lenye magonjwa mawili, na mimi nimeangukia upande ambao watu hawaujui.

Nilitaka niinuke mwanangu anione vizuri. Sikuweza. Ameona kichwa na bega kwenye mto.

Oresta alikuwa na gauni la njano nililomshonea Pasaka, limeanza kumbana kwapani. Alinipungia mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameufunika puani na mdomoni, kama alivyofundishwa, na hata nilipomwita kwa jina hakuuondoa. Niliyaona macho tu. Sijui alikuwa anacheka au analia.

Wameshaondoka. Mama amekaa miguuni pangu anaikanda, na mimi namwacha aikande.

Nikitoka kule nikiwa hai na miguu imekufa, kwa macho yao nitakuwa mzima? Na nisipotoka, nani atamwambia mwanangu kwamba angeweza kuushusha ule mkono?