Jina la Mrushaji

Jumatatu, 6 Mei 1996

Leo nimeambiwa nimekosa adabu kwa sababu ya kuwa na adabu nyingi. Hicho nacho ni kipaji.

Nilikuwa namnyoa Papa wa chumba cha kona, kazini Laeken, kwenye nyumba ya wazee. Mmarekani mweusi, miaka themanini na ushee. Alikuja na jeshi wakati wa vita, akaoa Mbelgiji wa Koekelberg, akabaki huku kwao. Mkewe alishafariki. Sasa klabu moja ya besiboli ya hapa mjini imesikia kwamba zamani, kwao, alikuwa mrushaji. Wanataka awafungulie mechi ya tarehe 19 kwa kurusha mpira wa kwanza. Nikasema hongera, Papa.

Akausogeza wembe pembeni.

«Karimu, miaka miwili unaniosha mgongo. Hujawahi kutaja jina langu.»

Nilidhani ananisifu! Kwetu Buyenzi, mtoto akimtaja mzee kwa jina, kofi linafika kabla ya silabi ya pili.

Jumatano, 8 Mei

Amenieleza. Enzi zake weusi walikuwa na ligi yao, Wazungu yao, kuchanganyika marufuku. Ila msimu ukiisha, timu za Wazungu zilikubali kucheza nao mechi za maonyesho, maana uwanja ulijaa. Wazungu wakatangazwa mmoja mmoja: Mista fulani, Mista fulani. Yeye akiingia, mtangazaji anasema «kijana wao mrefu». Kijana — baba wa watu, mwenye mvi mbili tatu! Mchana mmoja aliwarushia mabingwa wao mipira ambayo magongo yao hayakuigusa kabisa. Uwanja mzima ukasimama. Ukampigia makofi kijana mrefu.

Basi akabaki Ulaya, kwa watu waungwana. Wanamwita papy, yaani babu, kama kila mzee humu ndani. Na mimi, ndugu yake wa rangi, namwita Papa.

Ametoa sharti. Atarusha, lakini mimi ndiye nimtangaze. Mista Lemuel Tolliver. Hayo tu, bila kupunguza, bila kuongeza.

Nimekubali haraka. Huwa nakubali haraka, ndivyo nilivyooa.

Ijumaa, 10 Mei

Mazoezi, chooni, kazini. «Mista Le—» Kikohozi. Tena. Kikohozi.

Mwadi, mwenzangu wa zamu, mtu wa Lubumbashi, alinisubiri mlangoni akitaka kujua naongea na nani mule. Nikamweleza. Akashika kiuno.

«Bon. Utaita muzee jina yake mbele ya bantu, sawa mutoto wa ku barabara? Donc baba yako alikufa, na adabu nayo ikakufa?»

Baba kweli alikufa.

Jumanne, 14 Mei

Mke wangu Zaituni naye. Nilijaribu jina mezani, hapa nyumbani Schaerbeek, akaweka kijiko chini. Mume wake hatamwaibisha mzee wa watu hadharani. Nikasema mzee mwenyewe ndivyo anavyotaka. Akasema wazee hutaka mengi. Mama yake alitaka kuolewa tena akiwa na miaka sabini, je, walimruhusu?

Atakuja Jumapili, anilinde na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 18 Mei

Tumerusha mpira bustanini. Mimi mdakaji — na kitambi hiki! Nikachuchumaa vizuri tu. Kuinuka ndiko kulikoshindikana, akanivuta yeye. Kiganja nilichodakia bado kinawaka.

Bega lake halipandi vizuri. Baada ya kurusha mara moja tu alikaa kwenye benchi muda mrefu, amelishika. Nikamshauri kesho arushe akiwa kwenye kiti cha magurudumu, kama klabu walivyopendekeza.

«Bega hili lina mpira mmoja tu uliobaki,» akasema. «Siurushi kwa jina la papy.»

Jumapili, 19 Mei

Naandika uwanjani, kwenye meza ya mtangazaji. Wanadhani napitia hotuba.

Alikataa kiti. Amepanda kile kichuguu cha mrushaji kwa miguu yake, na tai shingoni. Nikashika kipaza sauti. Mabibi na mabwana, nikasema. Vizuri kabisa. Kisha Buyenzi yote ikanitangulia mdomoni, nikajisikia nasema: Papa Tolliver!

Makofi mengi. Hakurusha.

Mwenyekiti wa klabu ananinong'oneza kwamba labda hasikii vizuri, asogezwe karibu. Anasikia kuliko sisi sote. Ameuficha mpira nyuma ya mgongo na ananitazama mimi, hana haraka. Makofi yamekwisha. Watu wameanza kukohoa. Mdakaji ameinuka, amevua kinyago chake.

Nimekiwasha tena kipaza sauti. Kinavuma tu.

Zaituni, mstari wa mbele, amejifunika mtandio uso mzima ili asishuhudie. Lakini mkono wake mmoja umechomoza chini ya mtandio, unanipungia: sema, sema basi —