Baba Bado Hajalegeza

Jumatatu, 3 Machi

Kidato cha tatu, msamiati wa Kiingereza. Neno la leo: relent. Nimewaambia ni kulegeza baada ya kukaza, kumhurumia mtu uliyemkatalia. Mmoja kaandika kwamba mwalimu alimrelent. Darasa zima limecheka, na mimi pia. Nimesahihisha: kitenzi hiki hakichukui mtendwa. Huwezi kumrelent mtu. Anarelent mwenyewe.

Baba bado amekaza. Elias, mchumba wangu, alimpita kwenye kivuko cha Kamanga bila shikamoo. Alikuwa na hedifoni masikioni, macho kwenye simu. Baba hataki tena kupokea posa. Aliniuliza:

"Kama mimi hanioni leo, wewe atakuona kesho?"



Jumatano, 5 Machi

Nimempigia baba, huko Usagara. Nimelia. Amekata simu. Nikamtuma shangazi akamwombe. Naye karudi mikono mitupu. Nina hasira na baba. Na Elias zaidi.

Jioni nimetafuta asili ya lile neno. Mzizi wake ni Kilatini, kitu kinachopindika bila kuvunjika. Waingereza wa zamani walilitumia hata kwa kitu kinachoyeyuka. Baba, kuyeyuka! Nimecheka peke yangu jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeacha kumsukuma baba. Shangazi naye nimemwambia apumzike. Elias aende mwenyewe, bila mshenga, bila mimi. Kaogopa. Vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Sijala tangu asubuhi. Mchana mama kapiga simu, anacheka hata hasikiki vizuri.

Elias alifika zizini, akaamkia. Baba akaendelea kuhangaika na ndama. Elias hakuondoka. Akashika kamba asaidie. Mama wa ndama akampiga teke, akaanguka chali kwenye samadi, na shati lake jeupe. Baba alicheka mpaka akaketi chini.

Elias, akiwa bado chini: "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa umeniona."

Nimekula ugali wa watu wawili.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka ibadani. Elias kaniletea lile shati. Nimelifua mara mbili, harufu haitoki. Manyunyu kidogo alasiri.

Ujumbe wa baba: "Waambie wenzake Elias walete posa Jumamosi. Waje mapema."

Nimeusoma, nikaweka simu mezani. Kisha nimeloweka lile shati mara ya tatu.