Shamba la Mama Si la Kushushia Bei

Kwa kaka yangu Mwadime,

Hujambo? Mgongo wa mama unaendeleaje, na huko Voi mvua imenyesha au bado mnakula vumbi? Mimi huku Nairobi ni mzima, ila nimekukasirikia sana. Simu zangu unazikata, basi soma. Barua hii inaletwa na dereva wa lori letu la mizigo, naye hakunitoza kitu.

Shangazi ameniambia unataka kuuza shamba la mama la Bura ili upate pesa za kushusha bei ya sufuria na majiko dukani kwako, eti ushindane na hawa wa mtandaoni mpaka wachoke. Kaka, umerogwa? Hao ndio walioniajiri. Nafunga mizigo yao kutwa nzima, nawajua.

Hawachoki kwa sababu hawaishi kwa faida. Wiki jana meneja alitukusanya ghalani.

"Wale wengine wameshusha jiko la gesi," akasema. "Leo sisi tunaenda chini yao, na kupeleka ni bure."

"Na faida?" nikamuuliza.

"Faida itakuja, madam. Kwanza tupate kastama."

"Itakuja lini?"

"Wewe funga mzigo."

Hiyo ndiyo biashara yao. Wanauza kwa hasara, na hasara inalipwa na matajiri wa ng'ambo wasiojua hata Voi iko wapi. Wapinzani wao nao ni vivyo hivyo. Mshahara wetu unachelewa kila mwezi, bei tu ndiyo haichelewi kushuka. Siku hao matajiri wakichoka kutoa, ghala litafungwa na mimi nitarudi nyumbani. Nitalima wapi? Mama atakula sufuria?

Wewe huna tajiri wa ng'ambo. Una mama na kabichi zake, na nakuapia hutazigusa nikiwa hai.

Kama unataka vita, tumia akili. Sufuria zetu sasa ni rahisi kuliko unavyonunua wewe kwa jumla. Basi agiza kwetu, zipange dukani, uuze. Nitazifunga vizuri kwa mikono yangu, na hao wajinga watalipia lori.

Msalimie wifi yangu, mkeo, mwenye akili peke yake katika nyumba hiyo. Shangazi usimgombeze kwa kunipa habari. Na mama nimeshaongea naye. Hati ya shamba haiko tena sandukuni mwake, kwa hivyo acha kupekua.

Ni mimi dada yako, na bado nina hasira,
Wawuda